Waliiita Supu

Mnisamehe mwandiko wangu, umelala kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Mnisamehe pia pale herufi zitakapopotea. Niliishia darasa la nane, na ile h hunisumbua mpaka leo, sijui inakaa wapi na haikai wapi. Naandika polepole. Lakini kuongea mbele ya watu kunanishinda zaidi, ndiyo maana nimeshika kalamu. Someni kama mtu anayekula samaki: nyama mle, miiba muweke kando.

Nataka kuanza na harufu, maana ndiyo haijanitoka.

Aliyewahi kuingiza mkono kwenye gunia la viazi akakuta kimoja kimeoza chini anaijua nusu yake. Kwetu ni Kuresoi na tunalima viazi, kwa hivyo hiyo nusu naijua tangu utoto. Nusu ya pili ilikuwa kama maji ya vase ya maua ya kanisani, yale yaliyokaa tangu Pasaka. Juu yake kulikuwa na kitu kitamu, kama mtu aliongeza sukari akifikiri hatutajua. Harufu hiyo ilikaa kwenye pazia la anti, kwenye blanketi ya Mama, kwenye nywele zangu. Nilikuwa nikila chapati nasikia ladha yake.

Mama aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Hospitali iliyomtibu iko Nakuru mjini, na mvua ikinyesha kwetu Kuresoi barabara haipitiki kwa mgonjwa. Kwa hivyo mimi na Mama tulihamia Lanet, karibu na mji, kwa anti, dada yake mkubwa, mjane anayeishi katika ploti ya vyumba vya kupanga isiyo mbali na kambi ya jeshi. Anti ndiye aliyembeba Mama mgongoni walipokuwa wadogo. Anamwita "mtoto" mpaka leo, ingawa wote wawili walishaota mvi.

Matibabu yalikuwa hivi. Kabla ya kila kemo, ile dawa kali ya saratani, Mama alitolewa damu. Damu ikiwa nzuri, anakalishwa kwenye kiti na kuwekewa dripu. Damu ikiwa mbaya, anarudishwa nyumbani. Wagonjwa pale wana usemi wao: "damu imepita" au "damu imekataa," kama vile damu ni mtoto anayefanya mtihani. Daktari alitueleza kwamba uvimbe lazima unywee kwanza ndipo Mama afanyiwe upasuaji. Kemo ikicheleweshwa mara kwa mara, uvimbe unapata nafasi ya kukua tena. Kwa hivyo nyumbani tuliomba jambo moja tu. Hatukuomba utajiri wala mvua. Tuliomba damu ipite.

Kemo ya kwanza ilimwendea vizuri. Kesho yake Mama aliamka na nguvu, akafagia chumba, akala ugali. Baadaye tuliambiwa kwamba vile vidonge vya kuzuia kutapika humpa mtu nguvu za muda. Hatukujua hilo. Anti alimwangalia akifagia, akasema, "Kama uko na nguvu hivi, twende nikupeleke mahali mwili uoshwe kabla sumu haijakaa."

Mahali penyewe palikuwa ghorofani, mjini, juu ya duka la nguo za mitumba. Mlangoni chini kulikuwa na spika kubwa inayotaja magonjwa mfululizo kama anayeita abiria: sukari, presha, vidonda vya tumbo, saratani, nguvu za kiume. Ngazi zilikuwa na unyevu na zilinata. Juu tulikuta benchi limejaa watu, na mwanaume amevaa koti jeupe lenye kalamu mfukoni. Kucha zake zilikuwa ndefu, na chini ya kila ukucha kulikuwa na mstari wa kijani. Nilipoziona kucha hizo nilitaka kurudi. Lakini mimi ni mtu wa kutaka bila kusema.

Alimpa Mama kijiti cha chuma akishike. Waya ukatoka kwenye kijiti ukaingia kwenye mashine, na mashine ikaonyesha rangi nyekundu na manjano. Akatikisa kichwa.

"Mathe, umejaa sumu ya hospitali."

"Niache hospitali?" Mama akauliza.

"Hapana! Mimi sikatazi mtu. Endelea na kemo yako. Hii yangu ni ya kusaidia tu, inatembea kando ya ile." Kisha akainama, pumzi yake ikatufikia sote. "Lakini huko usiite dawa. Ukiita dawa, watakufukuza. Hii ni majani tu, ni chakula. Iite supu. Nani amewahi kukatazwa supu?"

Anti akacheka, akapiga paja. "Hapo umesema. Supu!"

Supu yenyewe ilikuwa kwenye ndoo yenye kifuniko. Kikombe kilikuwa kimoja, cha plastiki, kinapitia benchi zima. Mzee mmoja alikohoa, akanywa, akapangusa mdomo, akakirudisha. Yule mwanaume akachovya tena, povu la mdomo wa mzee likiwa bado pembeni, akamletea Mama. Huyo ni Mama ambaye hospitalini waliniambia nimchemshie maji, nimwoshee kijiko chake peke yake, nisimruhusu kukaa karibu na mtu mwenye mafua.

"Fungua mdomo, mathe."

Mama akafungua. Alilelewa kwamba ukiwa mgeni, unachopewa unakunywa. Nilimwona koo lake likikataa halafu likikubali. Yule mwanaume alilamba kidole chake kilichomwagikiwa, akatoa simu.

"Unasikiaje sasa?"

"Nasikia vizuri," Mama akasema, kama ambavyo angemwambia mwenyeji yeyote.

"Sema kwa sauti. Sema ulikuwa na nini."

"Nilikuwa na saratani. Sasa nasikia vizuri. Hata uzito umeniondoka. Asanteni sana."

Akabonyeza simu, akaridhika. Sisi tukashuka na mtungi wa lita tano, umefungwa kwa karatasi ya nailoni.

Kuanzia siku hiyo Mama alikunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni. Lazima niseme ukweli kuhusu jambo hili, kwa sababu si yote yalikuwa ya kuchukiza. Wakati wa supu, anti alikuwa akileta karai lenye maji ya vuguvugu, anaweka miguu ya Mama ndani, kisha anaifuta na kuisugua na mafuta polepole, kidole kwa kidole. Kemo ilikuwa imemletea Mama ganzi kwenye nyayo. Anti alikuwa akimwimbia nyimbo za kusagia wimbi walizoimba wakiwa wasichana, na wakati mwingine walicheka mpaka maji yakamwagika. Mama aliwahi kuninong'oneza, "Hiyo supu ni uchafu mtupu. Lakini nisipoinywa, yeye atakaa wapi?"

Nilielewa. Alikuwa anakunywa ili miguu ishikwe.

Tuliporudi kliniki kwa kemo ya pili, nesi alipita kwenye benchi akiuliza kila mgonjwa maswali yaleyale. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alipofika kwa Mama akauliza, "Na dawa ya kando? Kuna dawa yoyote ya kando unatumia?"

Mnajua wenyewe neno "kando" limekuwa nini siku hizi: mpenzi wa siri. Benchi zima likaguna. Mama, ambaye kipara chake hakikuwa kimemwondolea utani, akasema, "Sista, mimi na kichwa hiki, mpango wa kando nitautoa wapi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja mwenye dripu akasema, "Mathe, usijidharau, kuna wazee wanapenda kitu imenyolewa safi!" Mwingine akamjibu, "Mnyamazishe huyo, dripu yake itang'oka!" Hata nesi akacheka mpaka akapangusa macho. Kwenye fomu akaweka alama ya hapana, akaenda kwa mwingine.

Mama hakudanganya. Aliulizwa kuhusu dawa, na nyumbani kwetu hakukuwa na dawa. Kulikuwa na supu. Mimi nilikuwa nimeketi hapohapo, na sikuona tofauti pia. Yule mwenye kucha za kijani alijua tutaulizwa hivyo, akatuziba mdomo mapema kwa neno moja la jikoni.

Damu ilipita siku hiyo. Mara ya tatu ikakataa.

Daktari alimvuta Mama kope la chini, akatazama, akauliza kama anakunywa pombe. Mama ni wa chama cha akina mama kanisani. Akasema kwa hasira, "Daktari, hata ile ya kupikia keki siinusi." Daktari akasema ini limechoka sana na kemo haiwezi kuingia juu ya ini kama hilo. Turudi wiki inayofuata. Akauliza tena kuhusu dawa ya kando, tukajibu tena hapana.

Anti aliposikia kwamba ini lina shida, aliinuka kama mtu aliyesikia moto. "Ini limechafuka! Si lioshwe?" Alikimbia mjini, akarudi na mtungi mwingine, mzito zaidi. Akasema yule mwanaume ameshauri vikombe viongezwe. Supu ya mara hii ilikuwa nyeusi. Ilikuwa inatoa mapovu yenyewe ikiwa imekaa kwenye kona, na kifuniko kilikuwa kikivimba. Nikiipita nilikuwa nikishika pumzi.

Wiki hiyo Mama alibadilika rangi. Weupe wa macho ukawa kama kiini cha yai la kienyeji. Alijikuna mpaka akajichubua. Uji ulirudi, maji yalirudi, na supu ndiyo iliyorudi kwa nguvu zaidi. Niliipangusa sakafuni, nikaikuta ina nyuzinyuzi kama za mnyoo, nikatoka nje nikatapika karibu na kamba za nguo. Anti akapangusa kidevu cha Mama, akamjazia kingine. "Jikaze, mtoto. Uchungu ndio unatoa uchafu."

Siku ya kurudi kliniki nilichukua chupa ya soda, nikaijaza supu kutoka kwenye mtungi, nikaificha ndani ya leso kwenye mkoba. Sikuwa na hotuba. Nilijua nikifika mbele ya watu maneno yatakwama, kama kawaida. Nikafikiri kwamba harufu ile haihitaji mtu wa kuisemea.

Damu ilikataa, kwa ubaya zaidi. Nesi akaanza kuandika tarehe nyingine ya kurudi. Nikasimama. Nikatoa chupa, nikaiweka juu ya meza yake, bila salamu.

"Hii ni nini?"

Nikaonyesha kwa kidevu kwamba afungue.

Alizungusha kifuniko kidogo tu. Chupa ilikuwa imetingishwa njia nzima. Ililipuka. Povu jeusi likampata kifuani, likapiga ukuta, likadondokea viatu vyake vyeupe. Harufu ikashika chumba chote. Mwanamke mmoja kwenye dripu akafunika pua kwa mkono usio na sindano. Mwingine akasema, "Mungu wangu, nani amekufa?"

Nesi hakupiga kelele. Alinusa mkono wake, akanitazama. "Msichana, hii ni nini?"

"Supu," nikasema.

"Supu ya nini?"

Ulimi ulikuwa mzito. Nikatafuta neno, nikalipata lile lake mwenyewe.

"Supu ya kando."

Hakuna aliyecheka.

Nesi akakaa chini kabla hata ya kujipangusa. "Anakunywa ngapi?" Nikamwonyesha kwa mikono ukubwa wa kikombe, nikamwambia asubuhi, mchana na jioni. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. "Sista, sikukuficha," akasema. "Uliniuliza dawa."

Daktari akaitwa. Alisema hawezi kujua ni majani gani yamo, wala nini kingine kimechanganywa. Lakini alijua kwamba ini la mtu haliwezi kufanya kazi mbili kubwa kwa wakati mmoja. Supu ikome leo, tusubiri, tupime tena. Akasema pia kwamba hawezi kutuahidi kuwa ini litarudi.

Anti aliitwa kwa simu, akaja na boda boda, kitambaa kichwani kikiwa upande. Alipoelezwa alinigeukia mimi kwanza. "Wewe usiyeongea! Siku zote kimya kama kisiki, leo ndio umejua kuongea? Unanishtaki kwamba naua dada yangu?"

Nesi akamshika mkono. "Mathe, hakuna aliyesema unaua. Nyumbani ukimpa hiyo kitu, unafanya nini kingine?"

"Namsugua miguu," anti akasema, kama anakiri kosa la pili.

"Hiyo endelea. Msugue taratibu, usiguse penye kidonda wala mahali amechomwa sindano. Akisikia kutapika, mpe chai nyepesi ya tangawizi, lakini utuambie kwanza. Mwekee vipande vya barafu mdomoni. Mwimbie. Mfundishe kuvuta pumzi polepole wakati wa sindano. Vya kusaidia viko, mama, na hapa hatuvikatai. Lakini cha kusaidia hakijifichi."

Anti aliangalia mikono yake. "Kumbe hiyo ya bure ndiyo ilikuwa ya kweli," akasema, na akaanza kulia kwa sauti, pale katikati ya watu.

Kesho yake alibeba ule mtungi mpaka mjini kumwuliza yule mwanaume ameweka nini ndani. Nilimfuata. Yule mwanaume alimsikiliza akiwa anatafuna kijiti cha meno, koti jeupe likiwa na doa kubwa tumboni. Kisha akasema, "Na nani alikuambia uchanganye na hospitali? Hizo mbili hazikai pamoja. Nyinyi ndio mmeharibu mgonjwa."

Mimi nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu, kwenye benchi lile lile, akisema endeleeni na kemo. Hata aibu hakuona. Kikombe kilikuwa kinaendelea kuzunguka nyuma yake wakati anaongea, kutoka mdomo hadi mdomo. Alikitazama kama anavyotazama saa.

Tulirudi Lanet, anti akamwaga supu yote chooni nyuma ya ploti. Jirani alitoka nje akiwa ameziba pua. "Mama, choo imejaa?" "Imejaa," anti akajibu. "Imejaa mimi na ujinga wangu."

Tukasubiri. Asubuhi na jioni anti alileta karai, mafuta na zile nyimbo, bila kikombe. Nilimwangalia Mama macho kila nilipoamka, nikimpeleka penye mwanga wa dirisha. Yalikaa manjano mpaka nikaacha kuyaamini. Kisha yakaanza kupauka, polepole, kama nguo inavyopauka juani. Kliniki walipima, wakasema bado. Wakapima tena. Siku nesi alipotoka na karatasi, alisimama mlangoni akaita kwa ile sauti ya ng'ombe, "Mathe wa kando! Damu imepita!" Benchi likapiga makofi. Daktari aligusa uvimbe, akasema umekua kidogo katika ule muda uliopotea. Ni kidogo, lakini umekua. Hilo ndilo tulilolipwa kwa supu.

Hapo ningependa kumaliza, lakini kuna jambo moja bado.

Tulikuwa tunatoka hospitalini, Mama katikati, mimi na anti pembeni, tunapita mjini kutafuta ndizi. Tulipokaribia yale maduka ya mitumba nikamsikia Mama akiongea. Nikamgeukia, nikaona amefumba mdomo.

"Nilikuwa na saratani," sauti yake ikasema kutoka kwenye spika. "Sasa nasikia vizuri. Hata uzito umeniondoka. Asanteni sana." Kisha ikafuata ngoma kidogo, na ikaanza tena. Nilikuwa na saratani.

Adabu ya Mama, ile ya kumshukuru mwenyeji, ilikuwa imetundikwa kwenye msumari juu ya mlango, ikiita wagonjwa.

Chini ya ngazi palikuwa na foleni. Mama alituachia mikono. Akaenda mpaka chini ya spika, akafungua kitambaa, akakivua. Kichwa chake kiling'aa juani, na jicho lake lilikuwa bado na manjano kidogo.

"Huyo anayeongea ni mimi," akawaambia. "Niangalieni. Sijapona. Bado natibiwa hospitali, na hiyo supu ilitaka kunizika."

Watu wakamtazama yeye, wakatazama spika. Kijana mmoja akamwondoa baba yake kwenye mstari. Halafu kutoka ghorofani mtu akaongeza sauti. Mama mwenyewe na Mama wa spika wakaongea pamoja, na wa spika alikuwa na nguvu zaidi. Mwanamke mmoja aliyefunga mtoto mgongoni alisema taratibu, "Pole, mama," akampita, akapanda ngazi.

Mama akafunga kitambaa chake. "Huyo wa juu anaongea vizuri," akasema. "Angekuwa na ini, tungemwonea huruma." Tukanunua ndizi.

Spika hiyo bado inaongea. Tulimwendea mwenye koti, akasema sauti ni yake kwa sababu simu ilikuwa yake. Mimi siwezi kusimama pale nikapiga kelele kushinda spika. Ninaweza kuandika, polepole. Kama mmepita mjini mkamsikia mama mwenye sauti ya upole akisema uzito umemwondoka, jueni kwamba alikuwa anashukuru tu kama mgeni.

Na nawaomba mniandikie. Aliyewapa karatasi hizi anajua pa kunipata. Msihangaike na tahajia, yangu mmeiona. Niambieni jambo moja: kwenu hicho kitu kinaitwaje? Hapa kwetu waliiita supu. Nesi siku hizi haulizi tena dawa ya kando peke yake, anauliza na supu pia, na juzi mwanamke wa pili kwenye benchi alishtuka akasema, "Kumbe na hiyo inahesabiwa? Yangu naiita maji ya baraka." Leteni majina yenu. Nitampelekea, naye atayauliza kwa sauti ile yake, mgonjwa mmoja baada ya mwingine, kabla damu haijakataa.